Paa Likinepa, Tazama Chini

Methali ya ufa na ukuta imetumiwa mno hata imechoka. Wanasiasa huitoa majukwaani, waalimu huwaandikisha watoto insha, na wazee wa mtaa huitamka kabla hawajamaliza kukohoa. Walakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuuliza huo ufa asili yake ni nini? Ukuta haupasuki kwa kupenda. Mafundi wa pwani wajua kwamba ufa mwingi, hasa ule uanzao juu na kushuka ubavuni mwa dirisha, umesukumwa na paa. Na paa nalo halisukumi ukuta mpaka liwe limenepa. Basi leo, ndugu msomaji, tutaikagua nyumba kutoka juu kwenda chini, na tutakapofika chini tutakuta mambo ambayo si ya useremala peke yake.

Mtu atokaye kisiwani Mombasa akavuka daraja la Nyali, akaipita Kengeleni penye ile kengele ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, hufika Bombolulu kabla hadithi za ndani ya matatu hazijakolea. Magorofa yamesimama kandokando ya barabara, na maduka yamebanana. Lakini ingia vichochoroni. Katikati ya hayo magorofa zimesalia nyumba za Kiswahili za zamani, kuta za udongo na miti zilizopigwa plasta, baraza mbele na ua nyuma. Simama mbali kidogo uutazame mgongo wa paa. Aghalabu utauona umefanya tumbo katikati, kama kitanda cha kamba ambacho hakijakazwa tangu harusi ya mwenyewe.

Hapo hapo Bombolulu kuna kituo kijulikanacho na wengi, kilichoanza 1969 kuwa karakana ya watu wenye ulemavu, na ambacho baadaye kilijenga mfano wa maboma ya makabila mbalimbali ili wageni waone jinsi wazee wetu walivyoishi. Ni jambo jema, wala hatulikejeli. Lakini twaona ajabu kwamba nyumba ya maonyesho hutafutiwa fundi wa kuiezeka, ilhali nyumba ya kweli, yenye watu ndani, jikoni mwake mwafuka moshi na watoto wasoma chuoni barazani, huachwa inepe mpaka ianguke. Yaonekana mila yetu tunaipenda zaidi inapokuwa haina mtu anayelala ndani yake.

Kabla ya kulitengeneza paa, tulijue. Nyumba tunayoisema ina ukumbi mrefu unaokata katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba huku na huku, vitatu upande huu na vitatu upande ule. Juu yake paa lina pande nne. Pande mbili kubwa, ya mbele na ya nyuma, ni vipaa. Zile mbili ndogo za ubavuni ni visusi. Juu kabisa, mgongoni, umelala mwamba. Juu ya kuta zimelazwa mbati, na kutoka kwenye mbati hadi kwenye mwamba yamepanda makombamoyo, ambayo ndiyo mbavu za paa. Juu ya makombamoyo hufungwa pau na fito kwa kamba za usumba, na juu ya hizo ndipo yanapoezekwa makuti ya viungo, kila kuti na upongoo wake. Kuna na mtambaapanya, mti unaokatiza ndani kutoka ukuta hadi ukuta, ambao jina lake lasema wazi ni nani anayeutumia usiku.

Tumeyataja majina haya kwa makusudi. Mwulize kijana wa leo kombamoyo ni nini, atakwambia labda ni maradhi ya kifua. Hatumlaumu, kwa sababu neno haliwezi kuishi ikiwa kitu chake kimekufa. Lugha yetu tunaitafuta katika tenzi na kamusi, na huko ipo. Lakini sehemu yake kubwa ilikuwa imefungwa kwa usumba juu ya vichwa vyetu, na kila nyumba inapobomoka maneno kumi huenda pamoja na kifusi.

Sasa uzito wa paa hupita wapi? Makuti huulemea ufito, ufito huulemea upau, upau humlemea kombamoyo, naye huutupa uzito sehemu mbili: juu kwenye mwamba na chini kwenye mbati. Mwamba huupeleka kwenye nguzo zilizosimama ndani ya kuta za ukumbi, na nguzo huupeleka ardhini. Ndiyo safari yote. Paa linaponepa maana yake ni kwamba mmoja katika hawa wasafiri amechoka, na mara nyingi sana, kinyume cha wanavyodhani wenye nyumba, aliyechoka si yule wa juu anayeonekana bali ni yule wa chini aliyefichwa.

Nguzo ya mkoko ikizikwa katika ardhi yenye unyevu huliwa mahali pamoja: pale inapotoka ardhini, kiasi cha shubiri chini na shubiri juu. Mchwa hupenda hapo, na maji ya kuoshea sakafu hutuama hapo. Sehemu ya juu ya nguzo hubaki ngumu hata ukiigonga italia kama ngoma, na hilo ndilo linalowahadaa watu. Wanagonga kifuani, wanasikia uzima, wanaondoka. Mguu umekwisha kuwa unga. Nguzo hiyo hushuka inchi moja mwaka huu, na nyingine mwaka wa pili, na mwamba uliokuwa umeilalia hauna hila ila kuifuata.

Sababu ya pili hutoka ubavuni. Makombamoyo mawili yanayokutana mgongoni ni kama watu wawili waliosimama wakaegemeana vichwa: miguu yao yataka kuteleza nje. Kinachoizuia ni kenchi, ule mti unaowafunga miguuni. Ikiwa kenchi imekatwa, na wengi huzikata ili wapate nafasi ya kutia dari ya mbao au kuinua kichwa cha mlango, basi miguu huteleza, ukuta husukumwa nje kwa juu, mwamba hushuka, na ule ufa wa methali huzaliwa. Tupa timazi kutoka juu ya ukuta wa nje. Ukiona uzi umegusa ukuta juu na umeachana nao chini, jua kwamba ukuta umelala nje, na ugonjwa ni wa kenchi.

Na sababu ya tatu ni sisi wenyewe na haraka yetu. Zamani paa lilikuwa la makuti, na makuti hutaka mwinamo mkali ili maji yateremke upesi. Halafu pakaja mapaa ya madebe, yale madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyoshwa, kisha mabati. Bati ni jepesi kuliko makuti yaliyorowa, kwa hivyo mtu hudhani amelipunguzia paa mzigo. Ni kweli, lakini bati huhitaji mgongo ulionyooka. Likipigiliwa juu ya miti iliyokwisha kunepa, viungo vyake huachana pale penye tumbo, maji hutuama badala ya kuteremka, misumari huota kutu kwa hewa ya chumvi, na tone la kwanza huangukia kichwa cha kombamoyo. Tena wepesi wake una hasara: upepo wa kusi ukiingia chini ya upenu hulinyanyua bati, na miti iliyozoea kulemewa kwa chini sasa huvutwa kwa juu. Mti mzee hauwezi mambo mawili.

Yule mwenye nyumba, alipoona kwamba kwavuja, amefanya nini? Alinunua bati jipya akaliweka juu ya bovu. Masika yaliyofuata pakavuja hatua moja mbele. Akamwita mtu akasimamisha mti mmoja katikati ya chumba, akaukaza chini ya mwamba, na mguu wake akauweka juu ya sakafu ya udongo, bila ubao wala jiwe. Mti ule ukazama, au mbaya zaidi, ulikataa kuzama ukaubeba mwamba mahali pamoja, na sasa mgongo wa paa una matumbo mawili badala ya moja. Alipoona ukuta una nyufa akazipiga plasta ya saruji. Hapa yafaa tuseme neno, maana saruji tunayo tele. Kiwanda cha Bamburi si mbali na Bombolulu. Saruji ni kitu kizuri mahali pake. Lakini plasta ngumu ya saruji juu ya ukuta wa udongo huufungia unyevu ndani, na unyevu huo hauna pa kwenda ila kwenye miguu ya nguzo. Chokaa ya wazee ilikuwa laini, ikipumua, ikipasuka hadharani kila mtu aone. Saruji hukaa nadhifu usoni mpaka siku ya msiba.

Matengenezo ya kweli huanza kwa uzi. Fundi mwenye akili hufunga uzi kutoka ncha moja ya mwamba hadi nyingine, akaukaza, akapima tumbo limeshuka kiasi gani. Kisha hashiki nyundo. Hushuka chini, akachimba kidogo penye mguu wa kila nguzo ya ukumbi, akauchoma kwa kisu. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, amekwisha kumjua mgonjwa wake.

Halafu ni gadi. Neno hili mabaharia wa kwetu walijua sana, kwa kuwa jahazi likipwelewa halisimami bila gadi, na nyumba ni jahazi lililopwelewa milele. Gadi husimamishwa pande zote mbili za nguzo mbovu, kila moja juu ya ubao mpana ili uzito usijikusanye mahali pamoja, na kati ya gadi na mti wa juu hutiwa kabari mbili zinazokabiliana. Hakitolewi kitu chochote cha zamani kabla gadi hazijabeba. Baada ya hapo huezuliwa makuti au mabati, na huezuliwa huku kidogo na kule kidogo, wala si kipaa kizima cha mbele halafu cha nyuma, kwa maana paa lililozoea mizani likitolewa upande mmoja litalalia wa pili.

Kuinua ndiko kunakotaka subira, na ndiko mafundi wa siku hizi wanakoharibu. Jeki ya lori inaweza kuinua paa zima kabla ya sala ya adhuhuri, na kabla ya alasiri kuta zote zimepasuka. Mti ulionepa miaka 20 umejifunza umbo lake. Haurudi kwa kuamrishwa. Unene wa kidole kimoja kwa wiki watosha. Kila siku kabari hugongwa kidogo, fundi husikiliza, akikuta mlio wa kupasuka huacha. Mwenye nyumba naye hulalamika kwamba kazi haiendi na chai inanywewa. Amwache anywe chai.

Paa likishafika karibu na uzi (wala si lazima lifike kabisa, nyumba nzee ina haki ya kuinama kidogo) mguu mbovu wa nguzo hukatwa, na mahali pake hutiwa kitako cha mawe na saruji kilichopanda juu ya sakafu angalau shubiri moja. Juu ya kitako huwekwa kipande cha bati kilichotokeza pande zote, ili mchwa akipanda azuiliwe, au akizunguka aonekane. Hapa saruji imepata mahali pake. Boriti iliyopasuka haina haja ya kutupwa ikiwa miisho yake ni mizima. Hubandikwa nyingine ubavuni mwake, zikafungwa pamoja kwa boliti, zikasaidiana. Kenchi hurudishwa, hata kama dari ya mbao itabidi ishuke. Ndipo sasa, mwisho kabisa, yaja mabati mapya au makuti mapya, kitu ambacho mwenye nyumba alitaka kukianza kwanza.

Miti yenyewe itatoka wapi? Hapo zamani swali hili lilikuwa jepesi. Miti ilikuja kwa majahazi kutoka Lamu, ikahesabiwa kwa korija, kila korija miti 20, na kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo iliyokuwa futi kamba ya pwani nzima. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mombasa ni vyembamba, havizidi sana mita 3 kwa upana, si kwa sababu wazee walipenda kubanana bali kwa sababu mti wa mkoko hauwezi kuvuka zaidi ya hapo ukabeba dari ya mawe na chokaa. Hata nyumba za Kuwait na Bahrain zilipimwa kwa mti huo huo, wakiuita chandali. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika jahazi la Wakuwait hadi Rufiji kupakia boriti, na kitabu chake kimeihifadhi biashara hiyo mwishoni mwa enzi yake. Alipopatikana mafuta huko Ghuba wakaanza kujenga kwa chuma na zege. Sisi tuliobaki na mikoko tukaikata bila ya kuhesabu.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mikoko ikaingia humo. Watu wa Lamu wanaoishi kwa kazi hiyo walilia, na kilio chao kilikuwa na haki, kwani mkataji wa Lamu na shoka lake hafanani na yule anayemaliza mlima kwa msumeno wa injini. Lakini mkoko ukiisha samaki nao wakosa pa kuzalia, na hilo mvuvi wa Tudor na Mtwapa halihitaji kufundishwa. Amri yenyewe baadaye ikalegezwa, ila somo libaki: boriti ya mkoko sasa ni kitu cha kuwekewa nguzo na mwamba, si cha kujengea ua. Kwa makombamoyo na pau upo mvinje. René Haller aliupanda kwa wingi tangu 1971 katika machimbo ya Bamburi yaliyokuwa jangwa la mawe, ukamea pale ambapo miti mingi ilikataa. Mvinje wanyoka vizuri na hupatikana, lakini hauna uchungu wa mkoko, na fukusi huupenda. Utolewe gome, ukaushwe, upakwe dawa au angalau oili chafu ya gari kabla haujapanda juu. Ukipandishwa mbichi utanepa wenyewe kabla ya mabati kuwekwa.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya nyumba za udongo za Kisauni peke yake. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa 1883 kwa ajili ya Sultan Barghash, katika mji ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Sehemu yake ilikwisha kuporomoka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika kukarabatiwa kwa fedha za msaada kutoka Oman, upande wake mmoja ulianguka na watu wawili wakafa. Jumba la mfalme lilianguka fundi akiwa ndani. Ikiwa hilo, lenye wakubwa wa kulitazama na jina la kimataifa, liliweza kungojwa miaka hata dawa ikamkuta mgonjwa amekata roho, seuze nyumba ya mjane wa Bombolulu ambayo haimo katika orodha yoyote?

Sasa tumefika chini ya nguzo, nako ni ardhi.

Mombasa ina jambo ambalo mgeni wa bara akilisikia hushangaa: nyumba bila ardhi. Mtu humiliki kuta, milango na paa, anaweza kuziuza na kuzirithisha, lakini mchanga ulio chini si wake. Hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye hati. Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili 10 walete madai yao, na wengi ambao hawakudai, ama kwa kutojua ama kwa kutokuwa na karatasi, walijikuta wageni mahali walipozaliwa. Mitaa ya Majengo kisiwani, kisha Kisauni, Likoni na Changamwe, ilikua kwa mapatano ya mdomo: jenga, ulipe, ila usijenge cha kudumu. Ndiyo sababu moja nyumba zikawa za udongo na miti. Si umaskini tu, msomaji. Ilikuwa ni sharti.

Tazama sharti hilo linavyofanya kazi paa linaponepa. Fundi amesema mguu wa nguzo ukatwe utiwe kitako cha mawe na saruji. Mwenye ardhi akisikia saruji husema: huyu ataka kujifanya mwenyeji. Mwenye nyumba naye hujiuliza: nitie fedha za mwaka mzima, kisha kesho niambiwe nihame? Basi kila mmoja kwa hofu yake huliacha paa. Na wapo wenye ardhi, si wote, ambao subira yao ina hesabu ndani yake, maana nyumba ikishaanguka yenyewe kesi imekwisha bila ya kwenda mahakamani. Kunepa kwa paa kumekuwa njia ya kumhamisha mtu pasi na kumwandikia barua.

Twasema wazi kwamba hilo si haki. Kulitengeneza paa si kunyang'anya ardhi. Ipatikane karatasi fupi, yenye saini ya mwenye ardhi, ya mwenye nyumba na ya shahidi, isemayo kwamba matengenezo haya hayaongezi wala kupunguza haki ya yeyote juu ya kiwanja. Serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo mwenye mji, yaweza kuiandaa karatasi hiyo na kuisimamia, na yaweza kumtofautisha mtu anayebadilisha nguzo mbili zilizooza na yule anayejenga gorofa sita. Mpaka wa ardhi ubaki kwa wanasheria miaka yote wanayoitaka. Watoto walio chini ya mwamba hawana miaka hiyo.

Na hata mahali ambapo ardhi haina ugomvi, upo ugomvi wa warithi. Chukua mzee aliyefariki akaacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na wawili wa kike, na nyumba ya vyumba sita. Hesabu ya mirathi tuliyofundishwa chuoni ni safi: mke ana thumuni, na kilichobaki mwana wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Igawanye, utapata mafungu 64. Mama ana 8, kila mwana wa kiume 14, kila wa kike 7. Hapana aliyedhulumiwa. Vyumba vitatu vimepangishwa, na kodi ya kila mwezi hugawanywa kwa mafungu hayo hadi senti ya mwisho. Swali letu ni moja: fungu la paa liko wapi? Mmoja yuko Jeddah, wa pili yuko Nairobi, binti ameolewa Tanga, na mama aliye na mafungu 8 ndiye anayelala chini ya tone. Anayeishi ndani hana fedha, wenye fedha hawaishi ndani, na kila mmoja aona kwamba akitengeneza atakuwa amewatengenezea wenziwe.

Wanazuoni walikwisha kulifikiri jambo hili katika mlango wa wakf. Nyumba ikiwekwa wakf, pato lake la kwanza ni la kuiimarisha nyumba yenyewe. Wanaostahiki hula baada ya hapo. Ni kanuni ya busara mno, kwa sababu ukimla ng'ombe mguu hutamkama kesho. Hatusemi paa lifanywe mrithi, astaghafirullah, mafungu ya Mwenyezi Mungu hayaongezwi. Twasema kwamba warithi kwa hiari yao, mbele ya kadhi au mbele ya mzee wanayemwamini, wanaweza kupatana kwamba kabla ya kodi kugawanywa, kiasi maalumu kiwekwe kando kwa jina la nyumba. Vyumba vitatu vya kupangisha vikitoa kodi ya mwezi mmoja tu kwa mwaka, ikawekwa, baada ya miaka mitatu minne boriti zimepatikana bila ya kumpigia simu mtu wa Jeddah.

Limesalia la mafundi. Vyuo vya ufundi vya pwani vinafundisha useremala wa milango na fremu za madirisha, na vijana wanatoka hodari. Wafundishwe pia kutia gadi na kusoma uzi wa mwamba, na wafundishwe na wale wazee wachache ambao bado wanaweza kupanda ngazi. Mzee wa namna hiyo hana cheti. Alipwe kama mwenye cheti.

Kwa mwenye nyumba ambaye ameamua, wakati ni kaskazi, baina ya Januari na mwanzo wa Machi, jua likiwa kali na mawingu mbali. Desemba atafute miti, aikaushe. Akianza mwezi wa Machi mwishoni masika yatamkuta paa li wazi. Na fundi akimaliza, mabati yakang'ara, watoto wakapiga makofi, gadi zisitolewe siku hiyo. Kabari zilegezwe kidogo kidogo, na gadi mbili za ukumbini ziachwe zisimame hadi masika yote yapite, hata kama wageni watajikwaa. Mwezi wa Julai ufungwe ule uzi tena, upimwe.